Nzi za Mama Mudogo



Komite ya gazeti iliniomba niandike juu ya konje yangu kubwa, kwa sababu wengi wamesikia kwamba nilifika Kenya. Wengine wanacheka wakisema kapita amerudi na maneno ya ajabu, eti kule alijifunza kuvua samaki kwa nzi. Ni kweli. Lakini siyo ile nzi inayokaa juu ya mukate katika refektwari yetu. Nitaeleza. Lakini kwanza inanipasa kuandika habari moja ya hapa shuleni, ya mwaka uliopita, ambayo wengi wenu munaijua na mulinisifu kwa ajili yake.

Ilikuwa mwezi wa tano, saa ya etide ya jioni. Nilihesabu watu katika sale nikaona mmoja wa mwaka wa pili haiko. Nilimkuta nyuma ya mabweni, kando ya kijito, anashika kijiti chenye uzi na ndoano moja ndogo. Nikamwuliza: «Unafanya nini hapa?» Akajibu: «Niko naloba, yaya.» Nilikata ule uzi, nikatupa ndoano katika choo. Yeye nikamwandika katika kaye ya makosa, akafyeka majani siku tatu. Sikumwuliza neno lingine. Kesho yake watu walisema kapita huyu hana mchezo, na mimi nilifurahi kusikia hivyo. Basi, habari hiyo ikae pale kwanza.

Mudogo wa mama yangu aliolewa na Mkenya, na wanakaa Nairobi. Baba alinituma kwake si kwa kutembea. Mwaka huu niko katika mwaka wa sita, na feza ya eksame ya Serikali haikuwa nyumbani. Mama mudogo alisema katika telefone: «Umutume tu. Kama anajua kushona kifungo, kazi iko.» Baba hakuelewa ni kazi gani, mimi vilevile. Tulitoka Butembo asubuhi, tukavuka mpaka kwa Kasindi, tukapita Kasese na Kampala, na siku ya tatu nikateremka katika basi Nairobi miguu imevimba kama ya mzee.

Katika nyumba ya Mama mudogo kuna meza moja karibu na dirisha. Juu yake kuna etau ndogo, ni chuma chenye meno mawili ya kukamata kitu kidogo sana. Kando ya etau kuna makasi, nta, nyuzi za rangi nyingi, na masanduku ya manyoya: ya shingo ya jogoo, ya tausi, ya mkia wa fezanti (ni ndege, ndugu wa kuku), na manyoya ya sungura. Mimi nilifikiri Mama mudogo anatengeneza mapambo ya kofia. Kumbe anafunga nzi. Anakamata ndoano tupu katika etau, anaizungushia uzi na manyoya mpaka inafanana na mdudu. Hiyo ndiyo nzi ya kuvulia. Katika Kenya kuna watu wengi, zaidi wanawake, wanaofanya kazi hii kwa mikono, na nzi zao zinauzwa Ulaya na Marekani kwa watu wanaopenda kuvua samaki anayeitwa trauti. Mashine haiwezi kuzifunga vizuri, ni vidole vya mtu tu. Mama mudogo analipwa kwa dazani. Akifanya kazi tangu asubuhi, anamaliza dazani sita kwa siku, na amefanya hivyo miaka kumi na miwili.

Wandugu, munanijua. Mimi ni mtu wa kusahihisha wengine. Kule nilisahihishwa na dada yangu mudogo, mtoto wa Mama mudogo, mwenye miaka kumi na mmoja. Yeye alikuwa anafunga nzi mbili kisha kazi yake ya shule, akiimba, na mimi nilikuwa natoka jasho juu ya moja. Nzi yangu ya kwanza ilifanana na panya aliyeanguka katika maji. Mama mudogo aliitazama, akachukua wembe, akakata yote, akanirudishia ndoano tupu. «Anza tena.» Siku ile nilianza tena mara tisa.

Nzi waliyonifundisha ni moja iliyobuniwa na Mwingereza aitwaye Frank Sawyer. Yeye alikuwa mlinzi wa mto Avon katika Uingereza, na mwaka wa 1958 alitoa kitabu juu ya nzi za namna hii. Ninaipenda kwa sababu haitaki vitu vingi. Kwanza unaweka ndoano katika etau. Ndoano zina namba, na hapa mulimu wa hesabu atashangaa: namba ikiwa kubwa, ndoano ni ndogo. Kumi na sita ni ndogo kuliko kumi na nne. Unachukua waya ya shaba, nyembamba karibu kama unywele, unaizungusha juu ya chuma cha ndoano, na mbele unafanya nundu kidogo. Uzi haupo, waya ndiyo uzi, na ndiyo uzito unaozamisha nzi. Kisha unachukua nyuzi nne za unyoya wa mkia wa fezanti. Ncha zake unaziacha nyuma zitokeze kidogo, ni mkia. Zile zinazobaki unazisokota pamoja na waya na kuzungusha mpaka mbele. Pale kwenye nundu unazikunja mbele, nyuma, tena mbele, na kufunga kwa waya. Imekwisha. Kuandika ni rahisi.

Makosa yangu yalikuwa haya: mkia unapinda upande, nyuzi zinakatika kwa sababu ninavuta kama ng'ombe, waya inaziba tundu la ndoano. Na kosa kubwa, dazani yangu haikuwa dazani. Mnunuzi anataka nzi kumi na mbili za baba mmoja na mama mmoja. Za kwangu zilikuwa kama watu waliokutana sokoni. Ilikuwa juma la tatu Mama mudogo alipoweka dazani yangu ya kwanza pamoja na zake. Sikulala haraka siku ile.

Siku moja nilimwuliza: «Mama mudogo, samaki anakula hii kweli?»

Akajibu: «Wanasema anakula.»

«Weye haujaona?»

«Mutoto wangu, miaka kumi na miwili niko nafunga. Ile samaki sijaiona hata kwa sahani.»

Aliendelea kuzungusha uzi. Hakusema kwa huzuni. Lakini mimi neno lile lilinikaa. Baba mudogo naye alisikia, akasema juma linalofuata tunakwenda kwao Nyeri kusalimia wazazi, na mtoni pia tutafika, tusipofika sasa tutafika lini?

Njiani Baba mudogo alinieleza asili ya mambo haya, na baadaye nilisoma mengine katika kitabu chake. Kuvua kwa nzi si jambo jipya. Mwandishi mmoja wa zamani, Aelian, aliyeishi karibu mwaka wa 200 kisha Kristo, aliandika kwamba watu wa Makedonia walifunga sufu nyekundu na manyoya mawili ya jogoo kwenye ndoano, kwa kudanganya samaki wenye madoa. Lakini mito ya Kenya haikuwa na trauti hata mmoja. Waingereza ndio walimleta. Mwaka wa 1905 Ewart Grogan alileta mayai ya trauti kutoka ziwa la Loch Leven katika Scotland, yakawekwa katika mto Gura, ambao unateremka kutoka milima ya Aberdare. Trauti anataka maji baridi, safi, yenye kwenda mbio. Pale juu aliyapata, akazaa, akakaa. Kwa hiyo ni mgeni aliyezoea, kama Mama mudogo.

Nyeri katika mwezi wa saba ni mawingu na manyunyu. Wale wa Nairobi walivaa makoti. Sisi wa Butembo tunajua baridi, sikulalamika, mpaka nilipoingiza miguu katika Gura. Maji yale yanauma mfupa.

Baba wa Baba mudogo, ambaye kule wanamwita Guka, maana yake babu, zamani alikuwa anapeleka wageni mtoni na kuwabebea mizigo. Kwa kuwatazama alijua kuvua kuliko wao. Fimbo yake moja kuukuu ilikuwa imefungwa kwa plastiki mahali mbili. Kabla ya yote alimtuma Baba mudogo kulipa leseni katika ofisi ya samaki, akasema pasipo karatasi ile hatagusa maji. Mimi kama kapita nilipenda jambo hilo.

Tulipofika mtoni Guka hakuchukua fimbo. Aliingia katika maji mpaka magoti, akainua jiwe, akaligeuza, akamwita Mama mudogo. Chini ya jiwe palikuwa na wadudu. Wengine walikuwa ndani ya vinyumba vidogo vya mchanga walivyojijengea. Wengine walikuwa wembamba, rangi ya udongo, miguu sita, na nyuma mikia mitatu myembamba kama nywele. Wanakaa chini ya maji, kisha siku yao ikifika wanapanda juu, wanatoka mabawa na kuruka. Trauti anawangojea njiani, kichwa chake kinaelekea mahali maji yanakotoka.

Mama mudogo alitia mkono katika mkoba wake, akatoa nzi moja, akaiweka katika kiganja karibu na mdudu mmoja wa wale wembamba. Alitazama wakati mrefu. Mvua ilikuwa inamnyeshea na kitenge chake kilikuwa ndani ya maji.

«Kumbe ni huyu,» akasema. Kisha tena: «Kumbe ule mkia ni mkia.»

Guka akasema: «Ulifikiri ni nini?»

«Nilifikiri ni mutindo.»

Alicheka, sisi wote tulicheka. Lakini kisha akanigeukia, akasema kwa Kiswahili cha kwetu, pole pole, Guka asisikie: «Miaka kumi na miwili, na hakuna mutu aliniambia hivi. Hata mumoja.» Macho yake hayakuwa ya kucheka tena. Alimgeuza yule mdudu kwa kidole, akaona ni mwembamba kuliko nzi yake, karibu nusu.

Sasa kuhusu kutupa nzi. Kwetu, mtu akivua kwa kijiti, anafunga jiwe dogo au risasi kwenye uzi, na uzito ule unavuta uzi kwenda mbali. Nzi haina uzito wa kutosha, ni kama kutupa unyoya. Kwa hiyo uzito uko katika kamba yenyewe. Kamba ni nene, na mwisho wake kuna nailoni nyembamba isiyoonekana, na nzi iko pale. Fimbo inarusha kamba, kamba inabeba nzi. Unapeleka fimbo nyuma, unangoja kamba inyooke nyuma yako mahali usipoona, kisha unairudisha mbele. Kule kungoja ndiko kazi yote. Mimi sikungoja. Guka alinishika mkono akasema: «Kijana wa Kongo, wewe unapiga mto. Mto umekukosea nini?»

Nilitupa nzi ya kwanza ikakamata koti langu. Ya pili ikakamata mti. Ya tatu, mti uleule. Sheria ya Guka ni kwamba aliyepoteza anapanda. Nilipanda, nikaleta moja, nyingine ilikatika. Mpaka saa sita nilikuwa nimepoteza nzi tano, zote za Mama mudogo, zile nzuri. Na kila moja ilipokatika mimi nilijua dakika zake, kwa maana nilizihesabu mezani. Hapo, juu ya mti, mikono imechubuka, nilikumbuka ile ndoano niliyotupa chooni. Sikutaka kuikumbuka, ikaja tu. Sikujua ile ndoano mwenyewe aliipata wapi, wala kwa franga ngapi.

Katika sanduku zilibaki nzi zangu tu, zile Mama mudogo alikuwa amezikataa. Guka alizitazama, akachagua moja nyembamba, nyuzi zake zimekatika katika upande mmoja, mkia umepinda. Nilisema: «Guka, hiyo ni mbaya.» Akasema nzi nene na nzuri zinavua watu katika duka, lakini trauti hajui kusoma bei. Akaifunga. Kisha hakunipa mimi. Alimpa Mama mudogo.

Yeye alikataa, akisema hajui. Guka akamsimamisha nyuma ya jiwe kubwa, akamrushia kamba mwenyewe, akamwachia fimbo, akasema afuate tu nzi kwa fimbo, asiivute, iende kama maji yanavyotaka. Ikipinga maji hata kidogo samaki anajua ni uongo. Mara ya kwanza hakuna. Ya pili hakuna. Ya nne kamba ilisimama. Mama mudogo akafikiri ni jiwe, akainua fimbo, na jiwe likakimbia.

Sitaandika kelele zote tulizopiga. Samaki alikuwa wa urefu wa mkono wangu kutoka kidole mpaka kifundo, hakuzidi. Tumbo rangi ya manjano, ubavuni madoa meusi na mekundu, na kila doa jekundu limezungukwa na duara nyeupe. Nzi yangu mbaya ilikuwa katika pembe ya mdomo wake. Guka akasema ni mdogo, arudi. Baba mudogo akasema: «Baba, mwache, ni wa kwanza wake.» Mama mudogo hakusema kitu. Alimshika chini ya maji kwa mikono miwili, kichwa kikitazama kule maji yanakotoka, kama alivyoambiwa, kisha akafungua mikono.

Mchana Guka mwenyewe alivua wawili wakubwa, na jioni tulikula. Watanisamehe wanaompenda, lakini mimi ninachagua tilapia ya Kyavinyonge.

Tuliporudi Nairobi Mama mudogo alianza kufunga nzi kwa namna nyingine. Alizifanya nyembamba kama yule mdudu. Alikuwa anafunga huku anaimba, na mtoto wake akashangaa. Alipozipeleka, dazani nne zilirudishwa. Walimwambia hazifanani na ile ya mfano waliyopewa. Alieleza habari ya mto na jiwe, wakamwambia mnunuzi hataki mto, anataka mfano. Siku hiyo alifika nyumbani, akakata zile nzi kwa wembe moja moja, arobaini na nane, kwa sababu ndoano ni feza. Kisha akaanza tena zile nene. Lakini dazani moja nyembamba aliificha katika kopo la chai. Alisema ni za Gura.

Mimi nilipata nusu ya feza ya eksame. Nusu nyingine baba aliuza mbuzi. Siku ya kuondoka Mama mudogo alinipa ndoano tatu tupu na nzi moja ya kopo la chai.

Shule ilipofunguliwa nilimtafuta yule wa mwaka wa pili, ambaye sasa ni wa tatu. Jina lake siandiki, mengine amenikubalia. Aliponiona nakuja alisimama na kuweka mikono nyuma. Nilimwuliza lile swali ambalo sikumwuliza mwezi wa tano: alikuwa anavua kwa nini? Alinyamaza kwanza. Kisha akasema kwamba tangu mwezi wa pili wazazi wake walikuwa wamekimbia vita, na hakuna aliyemtumia unga wala maharagi. Munajua ginsi sisi wa internati tunavyofanya jumamosi na siku ya Mungu jioni: kila mtu anapika kile kilichotoka kwao. Yeye hakuwa na kitu. Ndoano aliipata kwa kubadilisha kalamu yake. Samaki za kijito ni kama kidole, lakini kumi zinafanya chakula. Siku ile nilipomkuta alikuwa na tatu.

Nilikwenda kwa Bwana Prefe, nikamweleza yote, na kosa langu vilevile. Alisikiliza, akaandika ruhusa: kijito kimefunguliwa jumamosi kisha salongo, kwa kila mtu aliyemaliza kazi yake. Karatasi iko kwenye mlango wa refektwari, wengine munafikiri ni mimi niliyeiweka kwa mapenzi yangu tu.

Nzi ya kopo la chai nilimpa yeye. Nilimweleza habari ya fezanti, ya waya ya shaba, ya mdudu chini ya jiwe, na kwamba aiache iende na maji. Alisikiliza vizuri sana, kwa heshima. Jumamosi nilimkuta kando ya kijito. Alikuwa ameng'oa manyoya yote na waya, na kwenye ndoano ameweka mnyoo.

Nilimwuliza ni kwa nini.

Akasema: «Yaya, samaki za hapa hazijui ile.» Na akanionyesha kopo lake. Zilikuwa kumi na saba.